Mafuta kabla ya nguvu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulainisha brasi na metali nyingine

Majibu haya ni ya mafundi wa jua kali wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na miji iliyo katikati: wanaokata uzi wa bolti na mabomba, wanaovuta waya, wanaokunja mirija ya shaba, wanaokandamiza vikombe na vifuniko vya brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Yote yanazunguka jambo moja, nalo ni kile unachopaka kwenye metali kabla hujaisukuma ndani ya kalibu (chuma kigumu kinachoipa metali umbo lake) au kuitia dai (kifaa cha kukatia uzi kwa nje). Tapu, yaani vifaa vya kukatia uzi ndani ya tundu, nyingi zinazovunjika karakanani na kulaumiwa kwa ubovu wake zilivunjwa na ukavu.

Kwa nini nipake mafuta, na kipande kinaingia chenyewe nikikisukuma kwa nguvu?

Kitaingia cha kwanza, na pengine cha pili. Uso wa metali unaouona laini una vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukiusukuma kwa nguvu nyingi dhidi ya uso mwingine, vinundu hivyo hugusana, hupata joto, hushikana kana kwamba vimechomelewa, kisha hung'oka. Brasi ndiyo laini kuliko chuma cha kalibu, kwa hiyo ndiyo inayong'oka, na mabaki yake hubaki ndani ya kalibu kama utando wa manjano. Kipande kinachofuata hukwaruzwa na utando huo. Cha baada yake hukwama. Kazi ya mafuta ni kuzizuia metali hizo mbili zisigusane hata kidogo, na ndiyo maana yanapakwa kabla ya nguvu kuanza. Ukisubiri mpaka usikie kilio, vinundu vimeshashikana.

Kuna tofauti gani na kulainisha beringi?

Kubwa sana, na hapa ndipo wengi hupotea. Beringi inayozunguka hujivutia oili yenyewe na kuelea juu yake. Kwenye kalibu mwendo ni wa polepole na mkandamizo ni mkubwa mno, hivyo oili nyepesi ya injini hukamuliwa ikatoka pembeni na kuacha metali tupu.

Kinachohitajika ni kitu kinachong'ang'ania. Mafuta ya wanyama, mafuta ya mimea, nta na sabuni yana molekuli ambazo ncha yake moja hujishikiza kwenye uso wa metali, na mkia unabaki nje ukiteleza. Tabaka hilo ni jembamba kupita kiasi lakini halikamuliki kirahisi. Viwanda vya kuvuta waya hutumia sabuni kavu ya unga mpaka leo kwa sababu hiyohiyo: waya hupita kwenye kisanduku cha sabuni, ndipo uingie kwenye tundu la kalibu. Kwa hiyo fundi anayesugua waya wake kwa kipande cha sabuni kabla ya kuuvuta anafanya jambo la kitaalamu kabisa, hata kama hakuna aliyemfundisha sababu.

Oili chafu ya gari je? Inapatikana bure.

Acha. Najua gereji zote za Nakuru zina pipa lake, na najua mtu akianza kazi hana hela ya kununua kitu kingine. Bado nasema acha, na kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kazi. Oili iliyotolewa kwenye injini imebeba masizi, unga wa chuma, asidi na maji. Unga huo wa chuma ni msasa. Unaupaka kwenye kalibu uliyoilipia au uliyoikereza mwenyewe kwa siku nzima, halafu unaikandamiza.

Ya pili ni ya mwili wako. Injini inapochoma mafuta huzalisha kemikali zinazosababisha saratani, na kemikali hizo hujikusanya kwenye oili kadiri inavyotumika. Historia ya jambo hili inajulikana vizuri. Uingereza, kwenye viwanda vya kusokota pamba vya Lancashire, wanaume waliofanya kazi kwenye mashine zilizorusha oili walipata saratani ya ngozi ya korodani, kwa sababu suruali zao zilikuwa zimelowa oili hiyo miaka nenda miaka rudi. Na oili yao haikuwa hata imepita kwenye injini. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeweka oili za madini ambazo hazijasafishwa vizuri katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kijana wa miaka kumi na minane anayefuta mikono kwenye ovaroli, kisha akaivaa ovaroli hiyo wiki nzima, yuko katika hali ileile. Kama huna kingine, mafuta ya kupikia ya bei ya chini kabisa dukani ni bora kuliko oili chafu, kwa kalibu na kwa ngozi.

Basi kwa brasi nitumie nini?

Inategemea unaikata au unaibadilisha umbo. Kwa kukandamiza, kuvuta na kukunja, chaguo langu ni mafuta mazito ya wanyama, yaani shahamu ya ng'ombe au kondoo iliyoyeyushwa na kuchujwa, au nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mimea. Mafuta ya mbarika ni mazuri mno. Ni mazito, yanang'ang'ania, na mbarika wenyewe unaota ovyo kandokando ya barabara nyingi za magharibi mwa Kenya. Ila mbegu zake ni sumu, usiwaachie watoto wazichezee.

Bora kuliko hivyo vyote ni lanolini, ile grisi ya asili inayopatikana kwenye manyoya ya kondoo. Ukishika kondoo wa Molo ambaye hajaoshwa na ukahisi vidole vinateleza, umeishika lanolini. Ikiwa imesafishwa huuzwa kwenye maduka ya dawa kama marhamu ya akina mama wanaonyonyesha. Inagharimu zaidi, lakini kidogo chake kinafika mbali.

Usitumie oili ya giaboksi yenye harufu kali kwenye brasi au shaba. Harufu hiyo ni ya salfa iliyotiwa ili kustahimili mkandamizo wa meno ya gia za chuma. Salfa huifanya shaba na jamaa zake kuwa nyeusi, na ikiachwa huila. Makanika wanaojua kazi huangalia jambo hilohilo wanapochagua oili ya giaboksi kuukuu zenye pete za brasi ndani.

Mafuta ya nazi yanafaa?

Yanafaa, lakini angalia uko wapi. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi. Kisumu, mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, utayakuta ni maji karibu siku nzima na yatachuruzika kwenye kipande chako. Nakuru, iliyo juu zaidi kwa mita mia saba hivi, asubuhi ya Julai utayachimbua kwa kijiko. Fundi wa Kisumu afadhali ayachanganye na nta.

Nipake kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Sugua kwa vidole mpaka uso uwe na mng'ao, na usione matone wala michirizi.

Mafuta hayana pa kwenda ndani ya kalibu iliyofungwa. Kimiminika hakikandamiziki; ukikifungia mahali kisipate pa kutokea, metali laini ndiyo itakayobonyea. Ukitoa kikombe cha brasi chenye vishimo vya ajabu kwenye kona, usilaumu kalibu. Vishimo hivyo ni alama za mafuta yaliyonaswa. Futa kalibu kwa kitambaa kikavu, punguza mafuta, endelea. Anayetengeneza kalibu mwenyewe aiachie kitundu kidogo cha kupumulia.

Kanuni hii inawahusu makanika hata zaidi. Tundu la bolti lisilotokea upande wa pili, kwenye bloku ya injini, likijaa oili halafu ukakaza bolti, bolti inakuwa pistoni. Bloku ya chuma cha kusubu inaweza kupasuka kwa ajili ya kijiko kimoja cha oili ambacho kingetolewa kwa kitambaa. Kausha tundu kwanza. Paka bolti, usijaze tundu.

Nimeona watu wakikereza brasi kavu kabisa. Wamekosea?

Hawajakosea. Brasi ya kukereza, ile ya kutengeneza koki na vifungo vya mabomba, huwa imetiwa risasi, yaani ile metali nzito, kiasi cha asilimia tatu hivi, ili chembe zikatike fupifupi na zisishike kisu. Inakatwa kavu bila shida. Brasi ya kukandamiza ni nyingine: shaba asilimia 70 na zinki 30, laini, inayovutika, na haina risasi hiyo. Ukiikandamiza kavu itakwama.

Risasi hiyo pia ndiyo sababu ya kunawa mikono kabla ya kula, hata kama hukugusa mafuta.

Chuma cha kusubu?

Kavu. Kina grafiti ndani yake inayojilainisha. Ukitia oili, vumbi lake linageuka tope la kusaga kila kitu.

Alumini?

Alumini hupenda kujibandika kwenye ncha ya kekee hadi mifereji izibe. Kwa kutoboa na kukata uzi, mafuta ya taa yanatosha. Piga brashi kidogo kidogo, mbali na moto na cheche za grainda. Kwa wale wanaobonyeza duara la alumini juu ya kalibu inayozunguka ili kupata sufuria, mafuta ya taa hayafai, ni mepesi mno. Tumia shahamu, nta au sabuni ngumu.

Na chuma kisichoshika kutu?

Hicho kinataka oili nzito, mwendo wa polepole na mkono usiositasita. Ukiiacha kekee isugue bila kukata, chuma kinakuwa kigumu palepale na tundu halitatoboka tena. Hapa ndipo ile oili ya giaboksi yenye salfa inapata kazi yake halali, kwa kuwa hakuna shaba ya kuharibu.

Tapu zangu zinavunjika hata nikipaka mafuta. Kwa nini?

Mara nyingi tundu ni dogo mno. Kwa bolti ya milimita 6 ya uzi wa kawaida toboa milimita 5. Kwa ya 8 toboa 6.8, kwa ya 10 toboa 8.5, kwa ya 12 toboa 10.2. Fundi anayetoboa 8 kwa bolti ya 10 kwa sababu 8.5 haipo sandukuni anaipa tapu kazi isiyo yake, na hakuna mafuta yatakayoiokoa.

Jambo la pili ni chembe. Zungusha mbele nusu mzunguko, rudisha nyuma robo mpaka uhisi chembe imekatika, kisha endelea. Kwenye tundu lisilotokea, itoe tapu mara kwa mara na uifute. Ongeza mafuta kila unapoirudisha, kwa kuwa yale ya mwanzo yameshatoka na chembe.

Nakata uzi kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Mafuta gani ni salama?

Mafuta ya kupikia, basi. Bomba la mabati la nusu inchi lina nyuzi 14 kwa kila inchi, na la inchi moja lina 11; dai ina kazi nzito na inahitaji mafuta kila mizunguko michache. Lakini yanayobaki ndani ya bomba yatafika kwenye kikombe cha mtu. Oili ya injini hukaa na ladha yake wiki nyingi. Ukimaliza, osha ncha kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kufunga tepu, maana tepu haishiki vizuri kwenye mafuta.

Naipaka mafuta vizuri lakini brasi inapasuka.

Hapo tatizo haliko kwenye mafuta. Brasi ikikandamizwa ikiwa baridi hugangamala, na kila hatua huongeza ugumu. Baada ya hatua moja au mbili inataka kulegezwa kwa moto: ipashe taratibu mpaka uone wekundu hafifu kivulini, si juani, kisha iache ipoe. Ukiitumbukiza kwenye maji haitakuwa ngumu kama chuma cha kisu. Shaba na brasi hazina tabia hiyo. Futa mafuta yote kabla ya moto. Na usizidishe joto. Moshi mweupe maana yake zinki inatoka, na anayeuvuta hupata homa na kutetemeka usiku huo kama mwenye malaria. Fanyia kazi hiyo nje.

Kuna mpasuko mwingine unaotokea kazi ikiwa imekwisha, kipande kikiwa rafuni. Jeshi la Uingereza nchini India lilisumbuka nao: maganda ya risasi ya brasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua. Chanzo kilikuwa amonia ya mkojo wa farasi ikikutana na unyevu na brasi iliyobaki na mvutano ndani yake. Karakana nyingi zetu ziko nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku au zizi la ng'ombe. Samadi ya kuku hutoa amonia nyingi. Weka brasi yako mbali na hapo, na ilegeze kidogo kwa moto baada ya hatua ya mwisho.

Nimesikia kuwa Marekani watu hupaka mafuta maganda ya risasi kabla ya kuyarudisha kwenye kipimo. Ni jambo lilelile?

Ni lilelile kabisa, na wao ndio waliolichunguza kwa undani kuliko wengi. Ganda likishalipuliwa hutanuka kufuata chemba ya bunduki. Wanaojaza upya hulisukuma ndani ya kalibu ya chuma kigumu ili lirudi kwenye kipimo chake, na ganda kavu hukwama humo vibaya sana. Hulisafisha kwanza, maana mchanga hukwaruza kalibu. Kisha hulibingirisha kwenye pedi yenye mafuta, hulipaka nta kwa vidole, au hulirushia mchanganyiko wa lanolini na alkoholi ya isopropili, sehemu moja kwa kumi au kumi na mbili. Alkoholi hiyo huwa ya asilimia 99, kwa sababu yenye maji mengi haikubaliani na lanolini. Halafu husubiri alkoholi ikauke kabisa. Wenye haraka ndio wanaokwamisha maganda.

Shingo nayo hupakwa kidogo kwa ndani, kwa kuwa kuna kijibonge cha chuma kinachopita humo wakati wa kutoka. Mafuta yakizidi kwenye bega la ganda, bega linabonyea, kama nilivyoeleza kuhusu vikombe. Na mwishoni mafuta yote hufutwa. Ganda lenye mafuta haliwezi kushika kuta za chemba, kwa hiyo nguvu ya mlipuko husukuma kifungio cha bunduki kupita kiasi. Maganda ya bastola yaliyonyooka hayahitaji mafuta iwapo kalibu ina pete ya kabaidi, ambayo ni ngumu na yenye uso unaoteleza mno kiasi kwamba brasi haijibandiki.

Ukopaji wa maarifa uishie kwenye mafuta. Hapa Kenya, kutengeneza au kujaza risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114; kazi hiyo ina kiwanda chake cha serikali kule Eldoret. Ukiletewa maganda na mtu anayetaka uyarekebishe, mkatalie mlangoni.

Kipande kimekwama ndani ya kalibu. Nifanyeje?

Weka nyundo chini. Kugonga kunakipanua na kukikaza zaidi.

Anza na baridi. Brasi husinyaa kuliko chuma kwa kila nyuzi ya joto inayopungua, kwa hiyo itie kalibu yote kwenye friji ya kugandisha usiku kucha, au kwenye barafu ya wauza samaki ukiwa Kisumu. Isipoachia, toboa tundu katikati ya kitako cha kipande, likate uzi kwa tapu, weka kipande cha bomba juu ya kalibu kama stuli, pitisha bolti na washa nene, kisha kaza. Bolti inavuta polepole na kipande kinatoka kimenyooka. Baada ya hapo safisha utando wa manjano kabla ya kuendelea, la sivyo utarudi palepale.

Nisafisheje mafuta nikimaliza?

Maji ya moto na sabuni, kisha kausha. Ni lazima kabla ya kulehemu, kupaka rangi au kuchomelea. Majivu ya kuni husaidia kwenye brasi na chuma, ila usiloweke alumini humo, itakuwa nyeusi. Kwa ngozi, sabuni peke yake. Petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuufungulia njia uchafu mwingine wote.

Mabaki ya mafuta niyamwage wapi?

Usiyamwage. Maji ya mvua ya mji wa Nakuru huteremka hadi Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia humo kinabaki humo, pamoja na heroe na kila kinachokula pale. Kisumu, mto Kisat unapita kwenye eneo la viwanda na kuingia ziwani, kule ambako samaki tunaokula wanatoka. Shahamu na mafuta ya kupikia yaliyochafuka changanya na maranda na uyatumie kuwashia moto wa jiko la karakana. Oili ya madini iweke kwenye mtungi wenye kifuniko na umpe mkusanyaji anayeipeleka kusafishwa. Kwenye kituo cha mafuta kinachobadilisha oili watakuonyesha anayewachukulia ya kwao.

Shahamu yangu inanuka na panya wanaila.

Ichemshe upya na maji, iache igande, kwangua uchafu wa chini na uitie kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana. Plastiki panya hutafuna. Mahali penye joto kama Kisumu yeyusha kidogo kidogo cha kutosha wiki moja au mbili, na kingine kiache kwenye kopo lililofungwa, mbali na jua.